Kikombe cha Neuburger

Berlin, tarehe 4 Novemba 1929

Dada Burgl,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kabla ya Krismasi. Siumwi, sijaoa, na sijafukuzwa chumbani. Nina ombi tu. Najua utacheka, basi cheka, halafu unitekelezee.

Mchezo wangu wa pili umezomewa. Si kwamba uliwachoma watu. Walikuwa wanasinzia, na wa kwanza kuamka akaona aibu, akaanza kupiga mluzi. Gazeti moja liliandika kwamba watu wangu wa jukwaani wanaongea kama karatasi. Nilikasirika siku nzima. Kisha nikafunga mlango, nikausoma mswada kwa sauti, nikaona jamaa kasema kweli. Nimekaa Berlin miaka sita nikiwasikiliza waandishi wenzangu tu, na waandishi huongea kana kwamba maneno yao yameshasahihishwa.

Nataka meza ya Alhamisi. Uniandikie wanayosema pale kwenye baa yetu baada ya mnada wa ng'ombe: Reiser mhunzi, Aumiller wa duka la dawa, Mzee Neuburger, na hao wengine. Habari zao sizitaki. Nataka maneno yao kama yanavyotoka mdomoni, na matusi yake. Wakinyamaza pia uniandikie, nani alinyamaza na baada ya neno gani. Wewe unapita na bia, hakuna anayekuangalia, kila kitu unakisikia.

Mdogo wako,
Korbinian


Haslmarkt, tarehe 17 Novemba 1929

Korbi,

Sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe unayekula viazi vya dukani. Nimecheka, kama ulivyoniruhusu. Baba alikupeleka shule ya mapadri miaka yote ile ili leo uje kuniuliza mimi Reiser kasema nini.

Haya, nitakukumbusha maana inaonekana umesahau kwenu. Meza iko pale pale karibu na jiko la kuotea moto. Vikombe viko ukutani kwenye kulabu, kila mtu na chake, kifuniko cha bati na jina juu yake. Anayevishusha ni mimi peke yangu, kama alivyokuwa mama. Mtu hajishushii kikombe chake, na kikombe hakitoki ukutani moja kwa moja mpaka mwenyewe azikwe. Cha baba nilikishusha mimi. Cha Ludwig wangu nilikishusha mwaka ule ilipokuja karatasi kutoka Ufaransa kwamba sina mume tena, na sikutaka mtu anisaidie.

Alhamisi iliyopita ilikuwa hivi. Reiser kamwambia Neuburger, "Yule ndama uliyemuuzia shemeji yangu ana miguu mitatu na nusu." Neuburger kajibu, "Shemeji yako ana macho mawili, alikuwa ameyaacha wapi?" Wakacheka. Aumiller, unamjua, hawezi kumeza bia bila hotuba, akasema nchi hii inaliwa na wafanyabiashara wa Kiyahudi wa mijini. Hapo wakanyamaza wote. Reiser ndiye aliyekivunja kimya. Alisema, "Usijali, Neuburger, tunasema wa mijini. Wewe ni Myahudi wetu." Neuburger akainua kikombe, akasema, "Nashukuru sana. Na wewe ni mhunzi wetu, ndiyo maana farasi wetu wote wanachechemea." Wakacheka tena, isipokuwa Aumiller. Neuburger akamaliza figili lake na chumvi, akaniambia ahsante Burgl, akaenda zake.

Ndiyo hayo. Mimi sioni mchezo wowote hapo, lakini wewe ndiye msomi.

Dada yako,
Burgl


Berlin, tarehe 22 Februari 1931

Dada yangu mpenzi,

Barua zako zimekuwa mchezo, na juzi umeonyeshwa mara ya kwanza. Unaitwa *Meza ya Alhamisi*. Nusu ya kwanza watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nusu ya pili wakawa wanacheka na kutazamana. Mwishoni vijana wa mashati ya kahawia, wale wanaowachukia Wayahudi, walirusha vichupa vya uvundo kutoka viti vya juu, ukumbi mzima ukatoka na leso puani. Leo tiketi hazipatikani. Ndivyo Berlin ilivyo, harufu mbaya ndiyo tangazo.

Karibu kila neno limetoka kwako. Waigizaji waliniuliza nimewezaje kuandika watu wanaonyamaza vile kabla mtu hajasema "Myahudi wetu", nami nikajifanya mnyenyekevu. Kitu kimoja tu nimekibuni mwenyewe, nacho ni mwisho. Watu wa mezani wanamtaka mama wa baa ashushe moja kwa moja kikombe cha mfanyabiashara wa ng'ombe, na mwenyewe yu hai, amekaa pale pale. Hawampigi, hawamtukani. Wanamwambia mama tu, "Kishushe." Naye anakishusha, anakiosha, anakifuta, na kumkabidhi mwenyewe kama anavyomkabidhi kila wiki, ila safari hii ni kitupu. Yule anakipokea bila neno. Taa zinazimwa. Mwongozaji alitaka mama alie, nikakataa katakata.

Sehemu hiyo ilininyima usingizi kwa sababu nilijua nakusingizia. Wewe usingefanya hivyo hata kwa kisu shingoni. Lakini watu lazima waonyeshwe jambo hili linakoelekea kabla halijafika. Hiyo ndiyo kazi yangu, kama nina kazi.

Korbinian


Haslmarkt, tarehe 18 Oktoba 1931

Korbi,

Tangu nisikie mchezo wako umeletwa Munich nilikuwa nalala na ndoo ya maji mlangoni. Nilijua siku meza ya Alhamisi itakapojua nani alikuwa anakuandikia, watakuja kunichomea paa. Basi Jumamosi wakapanda treni wote kwenda kuutazama. Jumapili wakaja moja kwa moja kwangu na kofia zao za kanisani.

Reiser alikuwa mwekundu kama nyanya. Kisa? Mwigizaji wake mwembamba. "Mikono kama mwiko wa uji," anasema. "Mtu ataamini vipi kwamba yule anafua chuma?" Aumiller yeye kavimba kwa furaha kwa sababu hotuba yake ilipigiwa makofi Munich, na hakuna aliyethubutu kumweleza walikuwa wanapiga kwa nini. Waliobaki walibishana mpaka saa ya chakula nani hasa alisema neno lipi. Neno baya kuliko yote, lile la kumtukana mke wa mwalimu wa shule yetu, liligombewa na wawili. Mdogo wangu, hakuna aliyekasirika. Umewatukana mbele ya watu wa mjini, nao wamerudi wanatembea kifua mbele.

Neuburger alikwenda peke yake, akarudi peke yake. Nilipomuuliza aliniambia, "Aliyenicheza mimi alivaa kofia nzuri. Itabidi ninunue kama ile."

Sasa wanataka kuucheza wenyewe. Hapa, kwenye ukumbi wangu, Jumatatu ya Pasaka, mahali pa kile kichekesho tunachocheza kila mwaka. Reiser awe Reiser, Aumiller awe Aumiller, mimi niwe mimi. Walimwomba Neuburger awe Neuburger. Akasema siku hiyo ana ng'ombe anayezaa. Nikamuuliza ni ng'ombe gani huyo mwenye kalenda, akaniomba bia nyingine. Basi mwalimu atamcheza yeye.

Nimewaambia lazima tupate ruhusa yako. Ukikataa sitakasirika.

Burgl


Berlin, tarehe 2 Novemba 1931

Burgl,

Umeandika, "Ukikataa sitakasirika." Dada, nikatae vipi? Hili ni jambo ambalo hakuna mwandishi hata mmoja hapa mjini aliyewahi kulipata. Huku watu hulipa tiketi wawacheke watu wa mbali, halafu huenda kula. Kwenu mdomo utakuwa ule ule uliosema neno. Mwache Aumiller aseme hotuba yake mbele ya mkewe, mbele ya padri, mbele ya Neuburger mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti. Safari hii atajisikia. Mtu anaweza kulisema neno miaka thelathini asilisikie, lakini ukimlazimisha alikariri, lazima limfikie.

Waambie nimekubali. Sharti langu ni moja, wasikate hata mstari, hasa ule mwisho. Na wewe ucheze, nakuomba. Hakuna mwingine atakayekiosha kile kikombe inavyotakiwa.

Wako mwenye furaha,
Korbinian


Haslmarkt, tarehe 10 Januari 1932

Kwa Bwana Korbinian Oberlechner,

Mungu akusalimu. Utashangaa kupata barua yangu. Nakukumbuka ukiwa na suruali fupi, umejificha chini ya meza yetu ukisikiliza, kwa hiyo mimi sikushangaa sana uliposhika kazi hii.

Nilikwenda Munich kuuona mchezo wako. Nilicheka. Maneno yangu mazuri umeyatunza, na yale uliyonitungia ni mazuri kuliko yangu, basi nimeyachukua na ninayatumia mnadani. Sikurudishii.

Nina ombi. Watu wa hapa wasiucheze ule mwisho. Waachie mengine yote, matusi na hotuba, hayo wamezoea na mimi nimezoea. Berlin wakiona kikombe kinashushwa, wanasema mungu wangu, yasije yakatufika. Hapa ni tofauti. Nimekaa pale mezani miaka ishirini na sita, na mpaka leo hakuna mtu pale aliyewahi kufikiri kwamba kikombe cha mtu aliye hai kinaweza kutoka ukutani moja kwa moja. Si kwamba ni watu wema kupita kiasi. Jambo lenyewe halijawapitia kichwani. Wewe umelifikiri kwa niaba yao, na sasa unataka walifanyie mazoezi majira yote ya baridi, Jumanne na Ijumaa, kwa sauti, mpaka litoke bila kukwama.

Halafu umemchagulia dada yako kazi ya mkono. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na sababu ninayo mwenyewe.

Burgl hajui kwamba nimekuandikia. Naomba asijue.

Wako,
Josua Neuburger


Berlin, tarehe 21 Januari 1932

Mzee wangu Neuburger,

Barua yako imenigusa kuliko maneno ya wakosoaji wote. Nimeiweka mezani siku kadhaa kabla ya kukujibu.

Nakuelewa, lakini nakuomba uniamini. Ukiutoa ule mwisho, kinachobaki ni kichekesho cha walevi, na watarudi nyumbani wakijipenda zaidi. Ule mwisho ndio kioo. Reiser si mtu mbaya, wewe mwenyewe unalijua hilo. Akilisema lile neno "Kishushe" mbele ya watu anaowaheshimu, atatamani ardhi immeze, na siku mtu atakapomtaka alitamke kweli litamkwama kooni. Sijapata kuona mtu aliyejifunza ubaya kwenye jukwaa. Watu huja nao kutoka nyumbani, na jukwaa huwaonyesha tu.

Kuhusu dada yangu usiwe na wasiwasi. Ni mwenye nguvu kuliko sisi wote, na sijawahi kumwona akitetemeka.

Kwa heshima kubwa,
Korbinian Oberlechner


Haslmarkt, tarehe 30 Machi 1932

Korbi,

Tumecheza. Nakuandikia sasa kabla sijapoa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu walikaa madirishani. Reiser alisahau maneno yake mara mbili, nayo ni maneno yake mwenyewe, ikabidi mkewe amtupie kutoka mstari wa mbele. Watu walikufa kwa kicheko. Aumiller alihutubia kama askofu. Mwalimu alivaa koti la Neuburger, Neuburger mwenyewe alimwazima, na kila alipofungua mdomo watu walimgeukia Neuburger wa kweli kuona kama anacheka. Alikuwa anacheka.

Kisha ukafika mwisho wako. Reiser akasema, "Kishushe." Nikaenda ukutani, nikakishusha, nikakiosha, nikakifuta, nikampa mwalimu. Ukumbi ukawa kimya. Nikajisemea, haya, ndiyo hili Korbi alilokuwa analitaka, limefika.

Mtu wa nyuma akapiga makofi. Akaita, "Rudia!" Unajua Pasaka zetu. Pakitokea sehemu tamu watu huomba irudiwe, na ukikataa umewadharau. Tukarudia. Wakataka tena. Mara ya tatu hawakumngoja Reiser, ukumbi mzima ulisema "Kishushe" pamoja naye, wanawake, watoto waliopakatwa, padri anapangusa machozi ya kicheko. Mara hiyo ya tatu sikuitazama kulabu. Mkono uliifikia wenyewe.

Neuburger alibaki mpaka mwisho, akapiga makofi kama wengine. Alipokuwa anavaa koti lake aliniambia, "Umecheza vizuri, Burgl." 

Ulisema watajisikia. Niliwatazama wote usoni kutoka pale juu, na sikumwona aliyejisikia. Niambie nilikosea nini.

Burgl


Zürich, tarehe 19 Machi 1933

Dada yangu,

Ile barua yako ya Pasaka sijaijibu mwaka mzima. Niliianza mara nyingi, na kila mara nikajikuta nafafanua mchezo wangu, nikachana.

Sasa niko Zürich. Niliondoka Berlin na begi moja wiki ile baada ya uchaguzi. Mwongozaji wetu, wale wa mashati ya kahawia walimchukua asubuhi akiwa anakunywa kahawa, hakuna anayejua yuko wapi. Michezo yangu imepigwa marufuku. Naishi kwa mjane mmoja anayenihurumia na kunipa supu.

Niandikie neno lolote. Wamekusumbua kwa ajili yangu? Meza bado inakaa? Neuburger anaendeleaje?

Korbinian


Haslmarkt, tarehe 3 Aprili 1933

Korbi,

Barua hii inapelekwa na Centa, msichana wangu wa jikoni, mpaka Kufstein ng'ambo ya mpaka, maana posta ya hapa sasa ina macho ya Aumiller. Yeye ndiye mkubwa wa mji siku hizi. Ana beji ya watawala wapya, na duka la dawa kamwachia mkewe.

Umeniuliza meza inaendeleaje. Nitakwambia, na naomba usome polepole kwa sababu sitaliandika mara ya pili.

Alhamisi walikuja kama kawaida baada ya mnada. Neuburger akaja pia, akakaa mahali pake. Nilikuwa nimeshawawekea bia yao wote isipokuwa yeye aliyechelewa kidogo. Nikawa naelekea ukutani kuchukua kikombe chake ili nikijaze. Aumiller akaniita kwa jina langu kamili, "Bi Walburga, kishushe." Hakupandisha sauti. Nilielewa, kwa namna alivyolisema, kwamba hasemi kuhusu bia. Nikamtazama Reiser. Nilidhani atasema neno la mzaha kama anavyofanya siku zote, ageuze mambo. Reiser akatazama meza, akasema, "Burgl, si unajua inavyokuwa. Ulishawahi."

Nikakishusha.

Nataka ujue kwamba sikuogopa. Ningekuwa nimeogopa, ningeweza kujisamehe. Nilifanya kama mtu anayefanya kinachofuata. Neno likishasemwa, mimi naenda ukutani, ndivyo tulivyofanya mazoezi Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa nimeshakishika mkononi ndipo nikakumbuka kwamba hii si Pasaka na aliyekaa pale si mwalimu. Hapo ningeweza kusimama. Ningeweza kukijaza bia na kumpelekea, na Aumiller angenifanya nini, angenila? Nikaenda kukiosha. Nikakifuta. Nikampa.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akaniambia neno, kidogo tu, wengine hawakulisikia. Akavaa kofia yake akatoka. Aumiller akaagiza bia nyingine kwa wote, nami nikawamiminia. Walipoondoka nilikaa chini jikoni nikalia mpaka Centa akaogopa.

Sikulaumu peke yako. Wewe uliandika, wao walisema, lakini mkono ni wangu, na nauchukia.

Burgl


Zürich, tarehe 20 Aprili 1933

Burgl dada yangu,

Nimeisoma polepole kama ulivyotaka. Halafu nikatoka nje, nikazunguka ziwa mpaka viatu vikaingia maji.

Kuna jambo nilikuficha. Kabla ya Pasaka ile Neuburger aliniandikia. Aliniomba mwisho utolewe. Alinieleza mambo yatakavyokuwa, karibu kama yalivyokuwa, nami nikamkatalia kwa barua nzuri sana. Nilijivunia ile barua. Aliniomba usijue, kwa hiyo namvunjia ahadi, lakini siwezi tena kukuacha ujilaumu wewe tu.

Sasa nina ombi, na nina aibu nalo. Kuna ukumbi hapa Zürich unautaka mchezo wetu. Nimewaambia lazima niandike mwisho upya, kama ulivyotokea kweli, watu wa nje wajue mambo yanayofanyika huko kwenye meza za bia bila ngumi wala kelele. Kwenye mswada wangu Neuburger anapokea kikombe bila kusema kitu. Niliona kimya kinatosha. Kumbe alisema neno. Alisema nini, Burgl? Niandikie kama lilivyotoka mdomoni. Bila hilo mwisho wangu ni uongo, na nitakuwa nimemsingizia na yeye pia.

Najua ninachokuomba. Nisingeomba kama si muhimu.

Korbinian


Haslmarkt, tarehe 4 Mei 1933

Korbi,

Hapana.

Nitakueleza kinachoendelea, halafu utaelewa au hutaelewa. Alhamisi wakija, nawawekea bia mezani, kisha Centa anaendelea nao. Mimi navua aproni. Najaza jagi, natoka kwa mlango wa mbele, nakatiza uwanja wa soko saa ile ile ambayo mnada umekwisha na kila mtu yupo, nakwenda nyumbani kwa Neuburger na jagi langu mkononi kama mtu anayekwenda kisimani. Sipiti nyuma kwenye bustani. Mara ya kwanza watu waliacha kuzungumza. Reiser alikuwa anafunga farasi, akakitazama kiatu cha yule farasi kana kwamba hajawahi kuona kiatu. Aumiller ameshaniita ofisini kwake mara moja, akaniambia nikiendelea leseni ya baa itakwenda na nyumba itafuata. Nikamwambia aandike vizuri jina langu, lina herufi nyingi.

Usidhani ni ushujaa. Nikifika mlangoni naliweka jagi chini kwanza, ndipo nabisha. Neuburger mara ya kwanza hakunifungulia. Alisema kupitia mlangoni, "Burgl, rudi, utapoteza nyumba ya baba yako." Nilimwambia nilishaipoteza tarehe thelathini Machi, Alhamisi ile ya kikombe, na sijaiona tena, na bia inaishiwa povu. Akafungua. Kile kikombe kilikuwa mezani kwake, kimekaa tu. Nilikijaza mimi, nikamwekea mbele, nikakaa.

Wakati wa vuli anakusudia kwenda kwa dada yake Strasbourg, Ufaransa, ambaye ana chumba cha ziada. Hajaniuliza kama nitakwenda naye. Akiniuliza, jibu langu utalijua kwa kutazama stempu ya barua yangu.

Ile barua aliyokuandikia amenitajia mwenyewe, juzi tu, bila kinyongo. Alisema ulimjibu kwa adabu.

Sasa kuhusu hilo neno. Miaka minne nilikuandikia kila kitu kilichosemwa pale mezani. Sikumwomba mtu ruhusa, wala wewe hukunikumbusha kwamba inaombwa. Niliona ni maneno tu, yanamwagika kila wiki, nani atayakosa. Ulipewa maneno ya Reiser, ya Aumiller, ya marehemu baba, ulipewa na ya kwangu niliyokuwa najisemea jikoni, ukayapanga vizuri, na yakaturudia yakiwa yamenyooshwa. Sikukatazi kuandika. Waambie watu wa Zürich yote niliyokuandikia tarehe tatu Aprili, na jina langu likiwemo, sitajificha. Waambie nilikiosha.

Lakini alichoniambia Neuburger siku ile aliniambia mimi, nikiwa nimesimama mbele yake na kitambaa mkononi baada ya kumfanyia vile. Nalitumia kila siku. Ndilo linalonivusha ule uwanja. Likisemwa na mwigizaji kila jioni mbele ya watu waliolipa, na wao wakipenda wakaomba lirudiwe, sitakuwa na kitu cha kushika.

Basi andika kwamba alisema neno na mama wa baa alilisikia, na watazamaji wako wakae na hamu yao. Si lako, Korbi.

Dada yako anayekupenda,
Burgl